Ajali Nyingi za Majini Zina Kinga

(Haya ni maneno yaliyosemwa katika ukumbi wa chakula wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji alisoma hapa tangu 1995 hadi 1998, akaendelea na masomo hadi Chuo Kikuu, na sasa ni Afisa Ugavi katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa.)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu wapenzi, ndugu zangu wa miaka ile, na ninyi vijana mliokaa nyuma mkiomba kimoyomoyo hotuba iwe fupi ili wali usipoe:

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu aliponiandikia alisema nichague mwenyewe jambo la kuzungumza, ila lisiwe siasa na lisiwe la kuchekesha watu tu. Nilifikiri sana. Kazi yangu ni ugavi, na mambo ya ugavi hayana utamu: ni zabuni, hati za mapokezi na mihuri. Lakini shule yetu inatazama ziwa, na wengi wetu tulifika hapa mara ya kwanza kwa kupanda chombo cha majini. Kwa hiyo nimeamua kuzungumza juu ya vyombo hivyo, na juu ya nani awajibike vinapokuwa vibovu.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Pili. Nililala kitanda cha juu, na kitanda cha chini alilala kijana mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mpole, hodari wa hesabu, na ndiye aliyenifundisha kupiga pasi sare kwa kuilalia chini ya godoro. Mwezi Mei alipewa ruhusa kwenda kumzika bibi yake. Alitakiwa kurudi baada ya wiki mbili. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Yeye alikuwa ndani. Godoro lake lilikaa limekunjwa hadi muhula ukaisha. Mwezi Juni mjomba wake alikuja kuchukua sanduku lake la bati. Tulimsindikiza hadi getini, na hakuna aliyejua la kusema. Sitalitaja jina lake, maana wazazi wake wangali hai na hawakuniruhusu. Wenzangu wa bweni lile wanamjua.

Wakati ule watu wazima walitufariji kwa maneno mawili. Walisema ni kazi ya Mungu, na walisema ajali haina kinga. La kwanza sitabishana nalo. Kila mtu na imani yake. Lakini hili la pili nimeishi nalo karibu miaka thelathini, na leo nataka kusema mbele yenu kwamba mara nyingi si kweli. Na kibaya zaidi, ni maneno yanayowafaa sana watu wenye makosa.

Tuangalie ukweli. MV Bukoba ilitengenezwa na kampuni ya Ubelgiji, ikaanza kazi mwaka 1979. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Siku ile ilipakia wengi zaidi ya hao. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, lakini wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo sababu hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna mbalimbali, zaidi ya watu 800. Fikirini jambo hilo. Tulikuwa na hesabu ya magunia, kwa kuwa magunia yalilipiwa ushuru, lakini hatukuwa na hesabu ya watu. Tume iliundwa chini ya Jaji Robert Kisanga, na baadhi ya maofisa wa shirika lililokuwa na meli ile walifikishwa mahakamani, akiwemo nahodha. Lakini wenyeji wa ziwa walikuwa na neno jingine: kwamba meli ile tangu zamani ilikuwa na tabia ya kulala upande. Tatizo la msimamo wake lilijulikana miaka mingi kabla ya siku ile.

Hapa naomba niwaeleze vijana, kwa lugha nyepesi, msimamo wa meli ni nini. Uzito wa meli na vyote vilivyomo huvuta chini. Maji husukuma juu. Meli ikilala kidogo upande mmoja, msukumo wa maji nao huhamia upande ule ule na kuinyanyua irudi wima. Hivyo ndivyo meli inavyoyumba bila kupinduka. Lakini hiyo hutokea iwapo uzito umekaa chini. Ukipanda juu, mathalani shehena ikawekwa sitahani na abiria wakajazana ghorofa ya juu, basi meli ikilala, uzito hupita upande wa pili wa ule msukumo, na badala ya kurudi inaendelea kulala. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walitia farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa ya tumbo la jahazi. Hawakusoma fizikia ya Kidato cha Tatu, lakini walijua.

Na jambo hili hupimwa. Chombo kikiisha kuundwa, huwekwa kwenye maji matulivu, uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na timazi kama ile ya fundi mwashi huning'inizwa ndani kuonyesha chombo kimelala kiasi gani. Kutokana na hapo mhandisi hupiga hesabu na kujua chombo kinaweza kubeba nini, na wapi. Kwa hiyo chombo kisicho na msimamo si siri ya Mungu. Timazi inaonyesha, namba zinaandikwa, na mtu fulani anatia sahihi.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya MV Bukoba tulisema haitatokea tena. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli ile iliundwa Ugiriki mwaka 1967, na usiku ule ilibeba watu wengi mara kadhaa kuliko iliyoruhusiwa. Miili 203 ilipatikana, na tume ikataja wengine zaidi ya 1,300 waliopotea. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hiyo iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa kuvusha watu katika maji ya ndani ya jimbo la Washington, yaliyokingwa na nchi kavu. Aliyeitengeneza hakudanganya, aliitengeneza kwa maji yale. Swali ni nani aliyeitazama na kusema inafaa kwa bahari yetu ya mwezi Julai, wakati kusi inavuma. Kisha tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Wakafa watu 228. Majirani zetu Kenya nao hawajasalimika: mwaka 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kiliua watu 272.

Kila mara mambo huenda vivyo hivyo. Mtengenezaji husema: chombo changu kilikuwa kizuri, mmekijaza kupita kiasi. Mwenye chombo husema: nilikuwa na cheti cha mkaguzi. Mkaguzi husema: nilikagua siku ile, kilichotokea baadaye sikijui. Nahodha husema: nilitii amri. Ndugu zangu, kila mmoja ana kipande kidogo cha ukweli, na kwa vipande hivyo wote wanatoka salama. Asiyetoka salama ni abiria.

Wenzetu wa nchi nyingine wamepita njia hii, na tunaweza kujifunza kwao. Uingereza, karne ya kumi na tisa, wenye meli walipeleka baharini meli mbovu zilizojazwa kupita kiasi, huku wakiwa wamezikatia bima. Ikizama, tajiri hulipwa, baharia hufa. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alifoka Bungeni mwaka 1875 hadi akaonekana hana adabu. Mwaka 1876 ikapitishwa sheria kila meli ichorwe mstari ubavuni kuonyesha kikomo cha shehena. Lakini sheria ile haikusema mstari uchorwe wapi! Mwenye meli alijichorea mwenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mingine kabla ya mahali pa mstari kuwekwa kisheria. Nawaomba vijana mkumbuke hilo. Sheria inayomwachia mtu ajipimie mwenyewe ni nusu ya sheria.

Tarehe 6 Machi 1987, meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, na katika dakika chache tu watu 193 wakaangamia. Aliyetakiwa kufunga milango alikuwa amelala. Mtu angeweza kuishia hapo na kumfukuza kazi. Lakini Jaji Sheen aliyechunguza alipanda ngazi hadi juu, akakuta manahodha wa kampuni ile walikwisha kuomba iwekwe taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wakapuuza. Taa tu! Kampuni ilipelekwa mahakamani mwaka 1990, kesi ikavunjika, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilidai apatikane mkubwa mmoja mwenye kosa lote. Basi wakabadili sheria. Mwaka 2007 Uingereza ilipitisha sheria inayoruhusu kampuni yenyewe kushitakiwa kwa kuua bila kukusudia. Ilichukua miaka ishirini, lakini hawakuchoka.

Na Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, ilizama meli ya Sewol. Waliokufa walikuwa 304, na kati yao 250 walikuwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari waliokuwa safarini. Walikuwa na umri wenu ninyi mliokaa nyuma. Meli ile ilinunuliwa Japani ikiwa imekwisha kutumika, wakaiongezea vyumba juu, wakaijaza shehena, wakapunguza maji ya uzito yaliyotakiwa kukaa chini. Mnaona: ni hesabu ile ile ya farumi. Watoto walitangaziwa wabaki vyumbani, wakatii. Nahodha alifungwa maisha. Lakini wazazi hawakuridhika na nahodha peke yake. Waliishitaki kampuni pamoja na Serikali yao, na mwaka 2018 mahakama ya Seoul ikaamua kwamba Serikali nayo inawajibika kuwalipa. Fedha hazimrudishi mtoto. Lakini hukumu imeandikwa, na kila afisa wa Korea atakayekagua meli anajua kwamba sahihi yake inaweza kusomwa mahakamani.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini sitaparuka. Nimekuwa nikisema wao, wao, wao. Naomba niseme mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, tulinunua boti ya kupelekea wauguzi na chanjo visiwani. Nilikuwa katika kamati ya mapokezi. Boti ililetwa wiki ya mwisho ya Juni. Watumishi wenzangu wanajua wiki hiyo: tarehe 30 mwaka wa fedha unakwisha, na fedha isiyolipwa inarudi Hazina. Tulipofika ufukweni niliona kwa macho yangu boti imeinama upande wa kushoto hali haina mtu. Nikauliza. Mtengenezaji akanijibu kwa uchangamfu, "Usiwe na wasiwasi mkubwa, ikipata mzigo itakaa sawa." Mkataba ulidai majaribio majini ikiwa na uzito kamili. Hatukufanya. Mwenzangu alisema tukikataa, wananchi wa visiwani watakosa boti kabisa na lawama itakuwa yetu. Lilikuwa neno zuri, na nililishika kwa sababu lilinirahisishia. Nikatia sahihi.

Mwezi wa nane boti ile, ikiwa na muuguzi, mwendeshaji na masanduku ya chanjo, ilipigwa na wimbi la ubavuni ikalala, ikaingiza maji. Wavuvi wa dagaa waliokuwa karibu waliwaokoa. Hakufa mtu. Narudia, hakufa mtu, na si kwa sifa yangu.

Wiki iliyofuata mwendeshaji alikuja ofisini kwangu. Ni mzee wa kunizaa, hakusoma zaidi ya darasa la saba. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shikamoo ya kazi huwa nakupa wewe, mwanangu, kwa sababu ya kiti chako. Nataka kuuliza neno moja tu. Ulipotia sahihi, ulikuwa umeipanda?"

Sikuwa nimeipanda. Nilikaa usiku ule nikakumbuka godoro lililokunjwa.

Asubuhi niliandika barua kwa mkubwa wangu, nikaeleza nilichokiona siku ya mapokezi na kwamba nilitia sahihi hata hivyo. Nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili. Lakini barua ile ilifanya jambo jingine. Tulifungua mkataba, tukaona kulikuwa na kipindi cha dhamana cha miezi kumi na miwili, ambacho hakuna mmoja wetu aliyekisoma vizuri. Mtengenezaji akaandikiwa, akabisha, akaandikiwa tena. Hatimaye aliichukua boti, akaifumua na kuitengeneza upya kwa gharama yake. Iliporudi tuliijaza mifuko ya mchanga kwa uzito kamili, na safari hii mimi na yule mzee tulipanda pamoja. Naogopa maji, na sioni aibu kusema hivyo. Nilishika ukingo mpaka vidole vikafa ganzi.

Kutokana na hayo, nina mambo machache ya kupendekeza.

Kwanza, mtengenezaji asiachiwe. Tangu mwaka 1932 majaji wa Uingereza, katika kesi ya chupa ya kinywaji iliyosemekana kuwa na konokono, waliweka msingi kwamba anayetengeneza kitu ana wajibu kwa mtu atakayekitumia, hata kama hawakuuziana. Ikiwa ni hivyo kwa chupa, itakuwaje kwa meli? Lakini wajibu huo haujitekelezi wenyewe. Unahitaji mkataba unaotaja majaribio, dhamana inayosomwa, na mnunuzi asiyeona haya kurudisha kitu.

Pili, Serikali isijikague yenyewe na kujisamehe. Baada ya MV Nyerere, Rais aliivunja bodi ya wakala uliokuwa ukiendesha kivuko kile na kumwondoa mkuu wake. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kumwondoa mtu si sawa na kurekebisha utaratibu. Kiti kikibaki kile kile, atakayekikalia atafanya yale yale. Tunacho chombo cha kukagua, TASAC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na Zanzibar wanayo mamlaka yao. Mkaguzi lazima aweze kusimamisha kivuko cha Serikali kama anavyosimamisha mtumbwi wa mvuvi, na kesho yake akaamka bado yuko kazini. Na vyeti vya ukaguzi vibandikwe mahali abiria anapokata tikiti, kwa Kiswahili, pamoja na idadi ya watu inayoruhusiwa.

Tatu, raia ajue haki yake. Zamani hapa kwetu huwezi kuishitaki Serikali bila Serikali yenyewe kuridhia. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linapingana na Katiba, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Siku hizi anayetaka kudai hutoa notisi ya siku 90, kisha mlango uko wazi. Kuishitaki Serikali si uasi. Mimi ni mtumishi wa Serikali na naipenda, na ninasema mtumishi anayejua anaweza kuulizwa hufanya kazi yake vizuri zaidi.

Kuna watakaosema: ukikaza masharti hivi, vyombo vitapungua, nauli zitapanda, na watu wa visiwani watapanda mitumbwi. Hoja hiyo ni ya kweli, na siidharau. Ndiyo iliyonifanya nitie sahihi. Lakini mtu wa kisiwani hakuomba chombo chochote tu. Aliomba kufika. Na tukumbuke pia kwamba chombo kizuri kikijazwa kupita kiasi kinakuwa kibovu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nasi abiria tuna fungu letu: tusimhonge karani atupakie chombo kikiwa kimejaa.

Vijana, miongoni mwenu watatoka wahandisi, wakaguzi, mahakimu, manahodha, na maofisa ugavi wasio na utamu kama mimi. Siku moja mtaletewa karatasi, na mtu mchangamfu atawapa kalamu. Sikuombeni muwe mashujaa. Naomba muulize swali la yule mzee: nimeipanda?

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa Chama. Katika bweni letu hakuna kumbukumbu yoyote ya mwenzetu yule. Kama wazazi wake wataridhia, napendekeza tuweke kibao kidogo ukutani, penye kile kitanda, chenye jina lake na tarehe. Mimi nitalipia kibao. Kisiandikwe kwamba ajali haina kinga.

Sasa wali.